Nyuzi Kumi na Sita Kabla ya Kilele

Niliota usiku wa jana kwamba nimo ndani ya silinda namba tatu, nimevaa suti, na harusi imechelewa kuanza.

Ukumbi ulikuwa wa duara. Kuta zilikuwa za chuma, laini, zimepakwa mafuta kidogo ili sakafu iweze kupanda na kushuka bila kukwaruza. Nilizitambua mara moja, maana wiki nzima nilikuwa nazipitishia msasa kwa mkono wangu. Nikajua niko ndani ya gari la dada yangu Eskalina. Sikushangaa. Niliandika mwenyewe kwamba nimo.

Hapo inabidi nieleze.

Mimi na Fundi Chengula tuna gereji Ipogolo, chini ya mji wa Iringa. Chengula amenizidi miaka kumi na hupenda kunikumbusha kwamba ufundi aliupata kwa kuungua. Mimi niliupata kwa kusoma, kama nilivyopata kutunga mashairi, bila kushikwa mkono na mtu yeyote. Gari la Eskalina ni dogo, la buluu, la zamani, na lina turbo. Turbo ni ganda la chuma lililojikunja kama konokono. Moshi unaotoka kwenye injini unalizungusha pangaboi lililomo ndani, nalo linasukuma hewa nyingi irudi kwenye silinda. Hewa ikizidi, nguvu inazidi.

Leo Eskalina alikuwa ashuke mlima Kitonga mpaka Ruaha Mbuyuni kumchukua Mama, aliyekuwa huko tangu mavuno ya vitunguu yaanze. Kisha wapande mlima saa sita mchana, wawili hao na magunia yao, malori mbele na malori nyuma. Ni barabara ambayo injini ikifa huna pa kuegesha. Nilikuwa nimemwahidi kwamba ataupanda kwa gia ya tatu na kwamba Mama hatasikia hata mlio.

Ili kutimiza ahadi hiyo nilifanya mambo mawili. Kwanza niliiparua hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, ili hewa ibanwe zaidi. Mgandamizo ulikuwa nane na nusu kwa moja. Sasa ni tisa na nusu kwa moja. Pili, niliizungusha distribyuta, kile kikombe kinachogawia plagi moto, ili cheche iwahi. Kitabu cha gari kinasema cheche iruke nyuzi kumi za mzunguko kabla pistoni, ile sakafu ya silinda, haijafika kileleni. Mimi niliweka kumi na sita. Niliipenda kumi na sita. Mshororo uliokamilika una mizani kumi na sita.

Chengula aliegemeza ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, kama tunavyopima gereji nzima, akaniambia nikanyage mafuta. Akasema anasikia changarawe ndani ya kopo. Nikasema ni bati la ekzosi limelegea. Akasema turbo na hedi iliyoparuliwa havitaki cheche ya haraka, nirudishe nyuma. Nikamwambia kumi ni ya watu waliochoka.

"Mshairi," akasema, "injini haina adabu ya kusikiliza shairi."

Basi nikaandika shairi, nikalibandika chini ya boneti:

Kitonga inama chini, nipite kwa madaraka,
Moto umo mkononi, huwaka ninapotaka,
Kumi na sita yakini, kumi ni ya wenye shaka,
Fundi nimo injinini, lipi litaharibika?

Ndivyo nilivyojikuta ukumbini.

Jirani yangu alikuwa mtu nusu. Kutoka kiunoni kwenda juu alikuwa kamili, ana tai na saa ya mkononi. Kutoka kiunoni kwenda chini hakuwepo. Walikuwa wamemtandikia kitambaa cheupe kwenye kiti ili asichafuke.

"Shikamoo," nikamwambia, kwa kuwa ile nusu iliyokuwepo ilikuwa ya mtu mzima.

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeshusha dari?"

Nikatazama juu. Dari iligusa nywele zangu. Nikakubali kwamba ni mimi.

"Umeiparua vizuri, haina mkwaruzo," akasema. "Zamani tulikuwa tunakaa wanane na mimi kwenye kiti kimoja. Siku hizi tunakaa tisa na mimi. Sisemi kwamba ni vibaya. Nasema tu kiti ni kilekile."

Akanieleza taratibu za ukumbi kwa sauti ya mtu aliyezieleza mara nyingi. Darini kuna milango miwili, wa kuingilia na wa kutokea. Sakafu ikishuka, wageni wanaingia. Milango inafungwa, sakafu inapanda, wageni wanabanana mpaka tisa na nusu wanaenea kwenye kiti cha mmoja. Hapo Mheshimiwa Cheche anakuja na moto. Wageni wanawaka kama watu wanavyoangua kicheko, mmoja akimwambukiza mwenzake, na kwa pamoja wanaisukuma sakafu chini. Msukumo huo ndio unaozungusha matairi. Kisha sakafu inapanda tena na kuwatoa wote kwa mlango wa pili, na harusi nyingine inaanza.

Nikamuuliza harusi ziko ngapi.

"Kwa mwendo wa kawaida, elfu moja na mia tano kwa dakika."

"Na bwana harusi ni nani?"

Mtu nusu akafikiri. "Hatujawahi kufika sehemu hiyo," akasema.

Milango inafunguka. Ni asubuhi ya Ipogolo, asubuhi ileile ambayo juzi nililijaribu gari kwenye barabara tambarare. Wageni wanaingia wamevaa masweta. Ni wachache, maana Iringa iko juu na hewa yake ni nyepesi. Wananisalimia kwa kichwa, mikono iko mifukoni. Sakafu inapanda taratibu, wanasogeleana kwa heshima, mama mmoja anamwomba radhi mwenzake kwa kumkanyaga.

Kisha anaingia Cheche. Ni mzee mwembamba, mrefu kama plagi, suti ya buluu iliyonyooshwa, ananukia kiberiti. Mkononi ana kadi ya mwaliko. Anaisoma, anauwasha moto kwa mgeni wa katikati, halafu anakariri mshororo wangu wa mwisho kwa sauti ya kuhesabu, mizani moja kwa kila uzi mmoja. Moto unatembea polepole katika masweta. Anapofika mizani ya kumi na sita, sakafu imefika kileleni na moto umemfikia mgeni wa mwisho. Wote wanasukuma. Sakafu inashuka vizuri kabisa.

Nilimgeukia mtu nusu nikamwuliza kama ameona.

"Nimeona," akasema. "Ni saa kumi na mbili asubuhi na wamevaa masweta."

Wakati huo ukumbi ukashuka Kitonga. Nilijua kwa sababu masikio yaliziba, na kona zilikuwa nyingi. Hakuna aliyeinuka kitini. Mtu nusu alishika saa yake tu isianguke.

Sasa tuko Ruaha Mbuyuni na ni saa sita mchana. Kuta zinatoka jasho. Mlangoni wanasema Konokono anakuja. Tunasubiri. Wanasema yuko njiani, amevuta pumzi, ameanza kuzunguka. Tunazidi kusubiri. Halafu anafika kwa mpigo mmoja.

Alikuwa na ukubwa wa ng'ombe, na kichwani alivaa kofia ya Chengula, ile iliyoungua ukingo siku betri ilipolipuka. Hakuwa na haraka hata kidogo. Alikuwa tu anawasukuma watu ndani kwa bega, na nyuma yao wengine, na nyuma yao wengine.

Nilimwambia ukumbi umejaa.

"Nimeambiwa Kitonga," akasema. "Nimeambiwa gia ya tatu. Hao ndio watu wa gia ya tatu."

Hawa hawakuwa na masweta. Walikuwa wageni wa bondeni, wamejaa, wanajipepea kwa vitambaa, kila mmoja amebeba vitunguu. Wengine walibeba vilivyofungwa kwa kamba, wengine gunia zima. Vikombe vyao vya petroli vilikuwa vinatoa mvuke. Mtu mmoja alimtazama jirani yake na jirani akamwuliza anatazama nini. Hasira zao zilikuwa karibu.

Wa mwisho kuingia alikuwa Eskalina, amemshika Mama mkono. Mama alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani na kandambili, na mapajani, alipopata pa kukaa, aliweka kitunguu kimoja chekundu kilichochaguliwa vizuri. Alinitazama kama mtu anayefurahi kumkuta anayemjua kwenye shughuli ya watu asiowajua.

"Kumbe na wewe umo," akasema.

Nikamjibu kwamba nimo, na kwamba asiwe na wasiwasi. Dari ilikuwa imeniinamisha shingo kidogo.

Sakafu inapanda. Watu bado hawajabanana, bado wanatafuta pa kuweka magunia, na Cheche amekwisha ingia. Anaisoma kadi. Anawasha. Anaanza kukariri. Lakini wageni wa joto, waliojaa hivi, hawapitishiani moto polepole. Anapofika mizani ya saba moto umevuka nusu ya ukumbi, na sakafu bado inapanda. Pembeni kuna watu ambao hata moto haujawafikia. Wamebanwa, wamechoka, wanawaka wenyewe kwa hasira. Wanaisukuma sakafu chini wakati yenyewe inakuja juu. Vinagongana katikati.

Ulikuwa mlio mdogo, mkavu, kama changarawe ndani ya kopo.

"Hilo si bati la ekzosi," akasema mtu nusu.

Harusi nyingine ilikuwa inaingia. Nikamwendea Konokono nikamwomba apunguze watu, akaniuliza kama ahadi ya gia ya tatu niliitoa yeye akiwepo. Nikaisukuma dari kwa mabega, dari haikupanda. Niliiparua mimi mwenyewe na niliiparua sawasawa. Cheche akaingia tena mapema, changarawe zikalia tena, na mara hii ukuta ukatetemeka mpaka tai ya mtu nusu ikageukia mgongoni.

Mama alikuwa anatazama tu. Alipoona mzee wa kiberiti anajitayarisha kuingia mara ya tatu, aliniita kwa sauti ya kawaida, kama anavyoniita nikiacha bomba wazi.

"Lukelo. Huyu anayekuja kabla watu hawajakaa, ni mgeni wako?"

"Ni wangu, Mama."

"Basi zungumza naye."

Nikasimama mlangoni nikamzuia. Cheche hakukasirika. Alinionyesha kadi. Ilikuwa na mwandiko wangu, imepambwa pembeni, na katikati imeandikwa: Tafadhali fika nyuzi kumi na sita kabla ya kilele.

"Kijana wangu," akasema, "mimi sijawahi kuwahi wala kuchelewa. Nafika nilipoitwa. Kama kadi ina kosa, kosa hilo lina mwandishi."

Nikamwambia kwamba mizani zake zimetimia. Akasema amezihesabu na kweli zimetimia. Nikamwambia kwamba vina pia havikupinda. Akasema navyo amevipenda, hasa kile cha injinini. Kisha akauliza kama anaweza kupita, kwa sababu sakafu inakuja.

Nikaomba kalamu. Akasema kadi za ukumbi huu hazifutwi kwa kalamu. Aliyeiandika huibadilisha kwa mdomo, mbele ya yule aliyemkanya.

Nikaangalia huku na huku. Chengula hakuwepo. Ilikuwepo kofia yake, juu ya kichwa cha Konokono.

Nilijua neno linalotakiwa. Ni neno la mizani tano tu. Kila nilipotaka kulitoa, likaja lingine badala yake. Nikasema petroli ya siku hizi si nzuri. Nikasema hali ya hewa imebadilika. Nikasema Chengula alitumia lugha ya dharau. Konokono alisikiliza yote. Cheche akapita chini ya mkono wangu, akawasha, na changarawe zikalia mara ya tatu.

Ndipo nikaona sakafu. Pembeni, karibu na kandambili ya Mama, palikuwa na doa jeupe la ukubwa wa kifungo cha shati. Chuma pale kilikuwa kinalainika, kinang'aa kama mafuta ya mgando yaliyoachwa juani. Eskalina naye aliliona. Aliinama akauhamisha mguu wa Mama kwa mikono miwili, akauweka upande wa pili, akaketi hivyo, ameushikilia.

Kitunguu mapajani mwa Mama kilikuwa kimeungua ganda upande mmoja.

Nikamwendea Konokono.

"Nilikosea," nikasema.

"Injini inapiga kelele," akasema. "Subiri."

Akatoa bisibisi ndani ya ganda lake. Akaegemeza ncha kifuani mwangu na mpini kwenye pembe yake moja, akafumba jicho lililoko kwenye ile nyingine. Alisikiliza muda mrefu, na sakafu ilisimama ikimsubiri, na wageni wakaacha kujipepea.

"Humu kuna changarawe," akasema. "Rudia."

"Nilikosea. Kumi na sita sikuipima. Niliipenda kwa sababu ni mshororo mzima."

"Na sasa unataka ngapi?"

Nikawatazama wageni wa bondeni, vitunguu vyao na jasho lao, nikaitazama dari, na ile kandambili. Watu waliobanwa hivi hawahitaji mshororo mzima ili wapate moto.

"Kipande kimoja cha mshororo kinatosha," nikasema. "Nane."

Mtu nusu alifurahi kwa kila alichokuwa nacho.

Cheche akaitazama kadi, na kadi ikawa imebadilika. Akaiweka mfukoni, akasimama mlangoni. Sakafu inapanda. Wageni wanabanana, magunia yanapata mahali, watu wanakaa. Sakafu bado inapanda na yeye bado amesimama. Ni subira ndefu kuliko zote nilizowahi kuvumilia, na ilikuwa ya nyuzi nane tu. Kisha anaingia, anawasha, anakariri kwa sauti tulivu: Fundi nimo injinini. Mizani ya nane na kilele vinafika pamoja. Moto unampitia kila mmoja kwa zamu, mpaka mwenye gunia wa mwisho kabisa pembeni, na wote wanacheka kwa pamoja na kuisukuma sakafu chini.

Hakukuwa na changarawe. Ulikuwa mlio wa kitambaa kinachochanwa taratibu, tena na tena.

Tulipanda hivyo. Kupitia ukuta, ambao ghafla ulikuwa kioo, niliona malori yakibaki nyuma moja baada ya jingine, madereva wake wakila mahindi. Hatukuwa kwenye gia ya tatu. Tulikuwa kwenye ya pili, na hakuna aliyelalamika. Mama alisinzia kwenye bega la Eskalina. Nilipotaka kumuuliza mtu nusu kama sasa tungefika sehemu ya bwana harusi, mlango wa kutokea ukafunguka juu ya kichwa changu, nikatoka na moshi, na nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Nilikwenda gereji bila kunywa chai. Chengula alikuwa amefika, ameketi kwenye tairi na kikombe chake. Sikumsalimia vizuri. Nilifungua boneti, nikalegeza nati ya distribyuta kwa spana namba kumi na mbili, nikawasha injini na kuielekeza taa ya kupimia wakati wa cheche. Nikairudisha nyuma, uzi mmoja mmoja, ikapita kumi, nikaiacha kwenye nane. Nikakaza.

Chengula akaja na bisibisi yake, akasikiliza.

"Bati la ekzosi umelikaza lini?" akauliza.

"Hakukuwa na bati. Nilikosea."

Akaiondoa bisibisi sikioni. Nadhani alitaka kuhakikisha kwamba hakusikia hayo kupitia kwenye chuma.

"Mimi nilisema kumi. Hii ni nane."

Nikamwambia hedi imeparuliwa, na huko chini ni joto, na gari litakuwa na mzigo. Alikunywa chai yake. Kisha akasema, kama mtu anayesema jambo lisilomhusu, kwamba kwa gari hili hata yeye asingethubutu kumi.

Nikalibandua shairi. Nikamwandikia Eskalina ujumbe kwamba Kitonga apande kwa gia ya pili na asimkimbize mtu. Alijibu kwamba jana nilikuwa na maneno mengine. Nikamwambia ndiyo, jana.

Kabla hajafika kulichukua gari, Chengula alitaka tutoe plagi tuone rangi zake, maana plagi haifichi kilichofanyika ndani. Ya kwanza ilikuwa nzuri, rangi ya kahawia. Ya pili vilevile. Ya tatu aliitoa mwenyewe, akaigeuzageuza kwenye mwanga.

Kwenye ncha, palepale cheche inaporukia, palikuwa na kipande cha ganda la kitunguu. Kilikuwa chekundu, chembamba kama karatasi ya msahafu, kimeungua upande mmoja tu.

Alikinusa. Akanipa nami nikanusa.

"Gari hili limewahi kushuka Ruaha?" akauliza.

"Bado," nikasema. "Linashuka leo."

Chengula alivua kofia yake, akautazama ule ukingo ulioungua, akaliweka ganda ndani yake kwa uangalifu, akaivaa tena. Kisha akaifuta plagi kwa kitambaa na kunipa niirudishe mwenyewe.